Muhtasari unajituma kila asubuhi, mbona droo haikubali?

Swali: Nina duka lenye kaunta tatu. Mauzo yanaingizwa kwenye fomu, yanatua kwenye lahajedwali, na kila asubuhi napata muhtasari kwa barua pepe. Jumla yake haiwiani na fedha za droo, na tofauti hubadilika kila siku. Nibadilishe programu?

Jibu: Usibadilishe. Programu mpya utailisha data zilezile, nayo itakupa pengo lilelile.

Anza na namba zilizoingia kama maandishi. Mwuzaji akiandika “12,500 taslimu” ndani ya kisanduku kimoja, SUM, fomula ya kujumlisha, hukipita kimya kimya, wala haionyeshi kosa. Huo ukimya ndio ubaya wake. Chini ya safu ya mauzo weka COUNT, na pembeni yake COUNTA, zote zikianzia chini ya kichwa cha safu. Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili kila kisanduku chenye kitu. COUNT ikisema 140 na COUNTA 143, kuna mauzo matatu ambayo hayamo kwenye jumla. Kisha funga mlango: iamuru fomu ikatae chochote kisicho namba, na neno “taslimu” au “mkopo” lichaguliwe kwenye swali lake lenyewe.

Pili, mauzo si fedha za droo. Watu wengi hulinganisha vitu viwili tofauti halafu wanamshuku mtunza fedha. Kinachopaswa kuwemo ni fedha za kuanzia, jumlisha mauzo ya taslimu, jumlisha madeni yaliyolipwa kwa taslimu, toa fedha walizorudishiwa wateja, toa matumizi yaliyochomolewa humo. Mfano: 20,000 + 86,300 + 9,000 − 3,500 − 12,000 = 99,800. Ukikuta 99,300, upungufu ni 500, na hiyo ndiyo namba ya kuulizia. Muhtasari uonyeshe hesabu hiyo kwa kila kaunta. Jumla ya duka zima huficha, kwa sababu ziada ya kaunta moja hufunika upungufu wa nyingine.

Mwisho, kagua saa. Kwenye Google Sheets, lahajedwali lina mpangilio wake wa saa za eneo na skripti (maagizo yanayoandaa na kutuma muhtasari) ina wake. Mpangilio ukiwa mbele ya saa za dukani kwa saa tatu, mauzo yote ya kuanzia saa 3 usiku yanahesabiwa kuwa ya kesho.

Swali: Niliandika utumwe saa 12, nikitaka kabla sijafungua. Unakuja adhuhuri.

Jibu: Mashine haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa 12 asubuhi kwake ni 06:00. Ukiandika 12 inaelewa saa 6 mchana. Kwa cron, ratiba ya kompyuta ya kuendesha kazi zenyewe, ni `0 6 * * *`, dakika ikitangulia saa. Ukitumia kipima muda cha kila siku cha Apps Script (sehemu ya Google ya kuandikia skripti), unachagua kipindi cha saa nzima, si dakika kamili. Kwa hiyo usiweke kazi ya kukokotoa na kazi ya kutuma kama ratiba mbili ndani ya saa hiyo: ya kutuma ikitangulia, utasomewa hesabu za juzi. Ziwe skripti moja, kukokotoa kwanza.

Swali: Juzi haukufika, nikadhani hatukuuza kitu.

Jibu: Muhtasari utumwe hata mauzo yakiwa sifuri, ukiwa na mstari wa namna hii: “Mistari iliyosomwa 143, wa mwisho 21:47.” Hapo sifuri ya kweli utaitofautisha na bomba lililoziba. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyebadilisha jina la shiti au kuchomeka safu mpya katikati, skripti ikabaki inasoma mahali pasipo sahihi.

Swali: Wangu una mistari 38, siusomi tena. Niiachie akili unde iufupishe?

Jibu: Ufupishe mwenyewe kwanza: mauzo, tofauti ya droo, madeni yaliyofika tarehe, bidhaa zilizo chini ya kiwango cha kuagiza, oda zilizochelewa. Mauzo ya Jumatatu yalinganishe na ya Jumatatu iliyopita. Ukiyapima kwa Jumapili utashtuka bure. Akili unde ipe malalamiko ya wateja iyafupishe, lakini kujumlisha iachie fomula, maana inaweza kukuandikia jumla isiyokuwepo, tena kwa sentensi nzuri.