Sentensi ya Mariamu, mara tatu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mtu gani wa Biblia anayemsaidia Mkristo kuutafakari ufufuo, na amtafakari vipi asiishie kurudia aya anazozijua kwa ghibu? Namtaja Mariamu Magdalene, katika Yohana 20:1-18. Chukua penseli na Biblia moja tu, na ujitengee nusu saa.

Soma kwanza aya zote 18 kwa sauti, bila kusimama. Kisha rudi uipigie mstari sentensi moja anayoisema mara tatu. Aya ya 2 anawaambia Petro na yule mwanafunzi mwingine: "Wamemwondoa Bwana kaburini, wala hatujui walikomweka." Aya ya 13, kwa malaika, "Bwana" amekuwa "Bwana wangu", na "hatujui" imekuwa "sijui". Wenzake wameshaondoka, na msiba sasa ni wake peke yake. Aya ya 15, mbele ya mtu anayemdhania kuwa mtunza bustani, anaomba aonyeshwe mwili ulipo, "nami nitamwondoa."

Hapo kwenye "nitamwondoa" usiharakishe. Rudi nyuma hadi 19:39: Nikodemo, mmoja wa waliomzika Yesu, alileta manukato ya kuzikia, manemane na uudi, yapata ratli mia. Kwa ratli ya Kirumi hiyo ni kama kilo 33, kupita mfuko wa mchele wa kilo 25, na bado hujaweka maiti ya mtu mzima wala sanda. Mwanamke mmoja angeubebaje mzigo huo, na kuupeleka wapi? Hajapiga hesabu hiyo. Anampenda, basi. Lakini tazama pia anachokitafuta: bado ni maiti. Yesu yuko hai mbele yake, anamuuliza "Unamtafuta nani?", naye anajibu habari za mahali pa kuuweka mwili. Ndiyo maana kumwona kwa macho hakukumsaidia. Kilichomfumbua ni kuitwa jina lake, "Mariamu", kama ilivyoandikwa katika 10:3 kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina. Tafakari nyingi huikimbia aya hii ya 16 kwa kuwa ni fupi. Ipe dakika kumi za kimya, na kama akilini hakuna linalokuja, baki nayo hivyo hivyo.

Kitu cha pili cha kutazama kwa karibu ni leso ya aya ya 7. Msomaji wa Mombasa asifikirie leso ya kujifunga kiunoni; hiki ni kitambaa kilichofunikwa kichwani pa maiti. Lazaro, ambaye Yesu alimfufua, katika 11:44 alitoka kaburini na leso ingali usoni, miguu na mikono imefungwa, ikabidi watu waambiwe wamfungue. Leso ya Yesu imebaki kaburini, imezongwa-zongwa mahali pa peke yake, na hakuna aliyeitwa kuja kumfungua. Lazaro alirudi kwenye maisha ambayo yangemfikisha kaburini tena. Yesu hakurudi huko, na hiyo ndiyo tofauti ambayo mahubiri mengi ya Pasaka huipita juu juu.

Makosa yanayoharibu tafakari hii yanajulikana. La kwanza ni kuzichanganya Injili nne katika kikao kimoja: Mathayo anataja wanawake wawili, Marko watatu, na msomaji anaishia kuhesabu wanawake badala ya kumsikiliza mmoja. (Yohana mwenyewe anajua Mariamu hakuwa peke yake, ndiyo ile "hatujui".) La pili ni kumfanya kahaba. Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba, haisemi zaidi. Mahubiri ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 591 ndiyo yaliyoeneza sana kumuunganisha na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, na dhuluma hiyo imemwandama karne nyingi. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, heshima anayostahili kabisa. La tatu ni kulisoma neno "Usinishike" kama karipio. Kiyunani chake chaweza kusomwa "acha kunishikilia", na kinachofuata ni kutumwa: "enenda kwa ndugu zangu."

Ndugu zangu! Katika Injili hii Yesu hajawahi kuwaita hivyo wanafunzi wake kabla ya asubuhi hii. Na miongoni mwao yumo Petro, aliyemkana mara tatu. Kwa hiyo wiki inayofuata hamia kwake. Soma 18:18, alipokuwa akiota moto wa makaa, kisha 21:9, atakapokuta pwani moto mwingine wa makaa, na samaki juu yake, na Bwana akimngoja.