Maswali ya Wasomaji: Platini inahusikaje na usumaku wa kobalti?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba atomi za kobalti zinaweza kupangwa katika mstari mmoja juu ya platini, kisha usumaku wa waya huo mwembamba ukakokotolewa kwa kompyuta. Mambo mawili yananitatiza. Kobalti inajulikana kuwa na usumaku. Sasa kuna haja gani ya kukokotoa? Na kwa nini wasikokotoe ule mstari peke yake, wakaiacha platini, ambayo si sumaku?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo zito zaidi. Platini haiko pale kama meza ya kuwekea kobalti. Elektroni za metali hizo mbili huchanganyika, na kutokana na mchanganyiko huo atomi za platini zilizo karibu na waya nazo hupata usumaku kidogo. Zaidi ya hayo, kiini cha platini ni kizito, na kwa sababu hiyo mwingiliano baina ya spini ya elektroni (sifa inayoifanya iwe kama sumaku ndogo) na mwendo wake wa kuzunguka kiini huwa na nguvu kubwa. Mwingiliano huo ndio unaoamua usumaku wa waya mzima uelekee upande gani.

Tazama jaribio la Pietro Gambardella na wenzake, lililochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Nature. Uso wa platini ulikatwa kwa mshazari ili uwe na vingazi, yaani vidato kama vya ngazi, vyenye upana wa takriban nanomita 2 kila kimoja, na atomi za kobalti zilipotua juu yake zikajipanga zenyewe kwenye kingo za vingazi hivyo. Mtu angetarajia usumaku ufuate urefu wa waya, kama ulivyo katika sindano ya dira. Haikuwa hivyo: ulielekea kuukata waya, ukiwa umeinama nyuzi 43 kutoka wima. Mwinamo wa namna hiyo hauwezi kutokea katika mstari wa atomi ulio peke yake, kwa sababu mstari huo hauna juu wala chini, kulia wala kushoto. Ni kingazi cha platini kinachozitofautisha pande hizo. Anayeiacha platini nje ya hesabu atapata jibu sahihi la kitu kingine.

Sasa swali la kwanza. Usumaku wa pande la kobalti, yaani bonge la kawaida la metali hiyo, hauwezi kuhamishiwa kwenye waya bila hesabu mpya. Atomi iliyo ndani ya pande imezungukwa na majirani 12, ilhali kwenye waya ina majirani wawili tu wa kobalti, na upungufu huo huzipa elektroni zake uhuru zaidi wa kuzunguka kiini. Katika jaribio hilo, sehemu ya usumaku inayotokana na mzunguko huo ilifikia magnetoni 0.68 za Bohr (kizio cha kupimia usumaku wa atomi) kwa kila atomi, wakati katika pande la kawaida haizidi sana 0.15. Lakini waya una udhaifu wake pia. Mwanafizikia Ernst Ising alionyesha mwaka 1925 kwamba mstari wa sumaku ndogondogo, ambazo kila moja inaathiriwa na jirani zake tu, hauwezi kudumisha mpangilio wake katika joto lolote lililo juu ya sifuri halisi (takriban nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi), kwa kuwa kugeuza kipande chake kunagharimu nishati kwenye ncha zake mbili tu, kiwe kifupi au kirefu. Waya wa kobalti ulipopozwa hadi kelvini 10, yaani nyuzi 10 juu ya sifuri hiyo, ulibaki na usumaku, si kwa kuikaidi kanuni hiyo, bali kwa sababu kugeuka kwake kulikuwa kwa polepole mno.

Kompyuta hukokotoa nishati ya waya usumaku ukiwa umeelekezwa upande mmoja, kisha upande mwingine, halafu hutafuta tofauti kati ya nishati hizo mbili. Hapo ndipo ninapowashauri wasomaji wawe waangalifu. Tofauti hiyo ni kama milielektronivolti 2 (elfu mbili za elektronivolti, kizio kidogo cha nishati) kwa kila atomi ya kobalti, ilhali nishati yote ya atomi moja hufikia makumi ya maelfu ya elektronivolti. Kosa dogo katika kukadiria umbali kati ya kobalti na platini, au tabaka za platini zikiwa chache mno, laweza kuugeuza mwelekeo wote. Aidha, njia za kawaida za ukokotoaji huu hupunja ule usumaku wa mzunguko, kwa hiyo tarakimu hiyo isisomwe bila kulinganishwa na kipimo.

Nyaya zikiwekwa juu ya iridiamu, metali nyingine nzito, mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba katika nyaya za chuma zenye upana wa atomi mbili, spini hazielekei upande mmoja, bali huzunguka hatua kwa hatua na kurudia mpangilio wake kila baada ya atomi tatu. Programu iliyoruhusiwa kujaribu hali mbili tu, juu na chini, isingeweza kuupata mpangilio huo hata kama ingeachwa ikokotoe mwaka mzima.