Maswali Yenu, Majibu Yetu: Kupanga Usafiri Unaovuka Mipaka ya Kaunti

SWALI: Kaunti yetu na jirani zake mbili zimekubaliana kupanga usafiri kwa pamoja, na mimi nimepewa kazi ya uratibu. Kila kikao kinaletewa mjumbe mpya anayeanza kuuliza tumefika wapi. Sina mamlaka juu ya yeyote kati yao. Nianzie wapi? *Mratibu, Machakos*

JIBU: Mratibu wa aina yako haamrishi, na hata akiyaomba mamlaka hayo hatayapata. Silaha zako ni karatasi iliyotiwa saini, kalenda, na takwimu ambazo wengine hawana.

Anza na karatasi. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, kwa hiyo msingi wa kisheria upo. Makubaliano ya kurasa tano yanatosha. Mjumbe atajwe kwa cheo, si kwa jina: afisa mkuu anayesimamia uchukuzi, pamoja na naibu mmoja wa kudumu mwenye idhini ya kupiga kura. Andikeni akidi, uenyekiti wa zamu ya mwaka mmoja, nani atashika fedha, na kwamba takwimu zitakazokusanywa ni mali ya kaunti zote. Msisahau kueleza nini kitafanyika kaunti moja ikijitoa kazi ikiwa nusu. Kuna kipengele kimoja kinachookoa vikao vingi: uamuzi wa kiufundi uliotumwa kwa maandishi na usiopingwa kwa maandishi ndani ya siku saba umepita. Kipengele hicho kisiguse fedha kabisa.

Kisha kalenda, ambapo ndipo mipango mingi mizuri hufia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla. Mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mradi mliokubaliana Oktoba umeachwa na gari. Basi orodha ya miradi itayarishwe Mei na Juni, mawaziri wa kaunti wakutane Julai, na Agosti kila kaunti iingize mradi huo katika mpango wake kwa jina lile lile. Tunasisitiza jina. Mradi ukiitwa "njia za waendao kwa miguu" upande huu na "uboreshaji wa barabara ya soko" upande ule, hakuna mkaguzi wala mwakilishi wadi atakayejua kwamba ni kitu kimoja. Angalia pia kama mradi una mizizi katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa unaishia 2027, na utayarishaji wa ule unaofuata ndio mlango wenu mpana kuliko yote.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni magavana kupigwa picha wakitia saini, halafu wawakilishi wadi wanausikia mradi kwa mara ya kwanza siku ya bajeti. Wao ndio wanaopitisha fedha. Kutana na kamati ya uchukuzi ya kila bunge kabla ya kikao kikuu. KeNHA (mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu) na KURA (ya barabara za mijini) nao waitwe mapema, kwa sababu barabara mnayoipanga huenda iko mikononi mwao.

SWALI: Tutajuaje ni watu wangapi wanavuka mpaka kila siku? Tumeambiwa utafiti kamili ni wa mamilioni. *Afisa mipango, Kitengela*

JIBU: Utafiti wa nyumba kwa nyumba unaweza kusubiri. Anzeni kuhesabu kwenye kila barabara inayokata mpaka. Ninyi mna mfano mzuri: matatu inayotoka Kitengela kwenda katikati ya Nairobi inapita Kajiado, Machakos na Nairobi katika safari ya kilomita thelathini hivi.

Hesabuni Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na Jumamosi moja kwa ajili ya soko. Epukeni likizo za shule. Anzeni saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku. Kila upande wa barabara uwe na watu wawili. Mmoja anahesabu magari kwa aina: pikipiki, gari dogo, matatu ya viti 14, basi dogo la viti 25 au 33, basi kubwa, lori. Wa pili anaangalia ndani ya matatu na mabasi tu na kuweka alama: tupu, nusu, viti vimejaa, wamesimama. Fomu iwe na mstari mpya kila dakika 15. Zamu isizidi saa nne, maana aliyechoka huanza kukisia. Msikae kwenye steji, ambako gari husimama, hushusha na kurudi. Sogeeni mita 200 mbele yake. Wanaotembea wahesabiwe kwenye fomu yao. Jijini Nairobi safari za miguu ni nyingi mno, na mpango usiowaona hujenga barabara ambazo watu hugongwa.

Jioni kagueni fomu. Zikiwa zimejaa namba zinazoishia na 0 au 5, mhesabuji alikuwa kivulini akikisia.

Namba hizo zinatosha kukadiria mabasi. Tuseme saa yenye msongamano ina abiria 1,500 kuelekea upande mmoja. Basi la viti 51 lipangieni asilimia 85, yaani watu 43, kwa sababu hakuna njia inayojaza kila kiti kila safari. Mnahitaji mabasi 35 kwa saa. Kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri, kukichukua saa mbili, mabasi ni 70. Ongezeni asilimia 10 kwa yaliyo gereji: 77. Mtu akija na mradi wa mabasi 30 kwa njia hiyo, muulizeni abiria waliobaki watapanda nini.

Ramani ya njia za matatu msiianze kutoka sifuri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika wao walizirekodi kwa simu za mkononi, na ramani ikatolewa 2014. Njia zimebadilika tangu hapo, lakini utaratibu wao unafaa kuigwa.

SWALI: Kaunti ndogo inalalamika kwamba inalipia sawa na kubwa. Tugawane vipi? *Mhasibu, Kiambu*

JIBU: Kubalianeni kanuni kabla ya kujua jumla. Namba ikishatajwa, kila mtu atachagua kanuni inayompendelea. Moja inayoeleweka kirahisi: nusu kwa abiria wanaoanzia kila kaunti, asilimia 30 kwa kilomita zilizomo ndani yake, na asilimia 20 kwa usawa, yaani kila kaunti inalipa kiasi kile kile. Chukueni gharama ya shilingi milioni 40 kwa kaunti tatu. Ya kwanza ina asilimia 60 ya abiria na 20 ya kilomita, ya pili 30 na 50, ya tatu 10 na 30. Malipo yanakuwa takriban milioni 17, 14.7 na 8.3. Ile sehemu ya usawa ndiyo inayompa mdogo haki ya kusema mezani, msiiondoe.

SWALI: NAMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji la Nairobi, ipo. Kwa nini kaunti zihangaike?

JIBU: NAMATA iliundwa 2017 kwa ajili ya usafiri wa umma wa eneo la Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti barabara zake, taa, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Abiria akishuka kwenye njia kuu, kinachomfikisha nyumbani ni kazi ya kaunti.

SWALI: Huku Dar es Salaam mambo ni tofauti. Majibu yenu yanatufaa? *Msomaji, Ubungo*

JIBU: Kiasi. Halmashauri zenu haziko na barabara kama kaunti: TANROADS (barabara kuu na za mikoa) na TARURA (za mijini na vijijini) ndizo zinazozishika, LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, inatoa leseni na kusimamia nauli, DART inasimamia mabasi yaendayo haraka. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ndiyo ikawa Jiji. Meza ya kukutania sasa ni ngazi ya mkoa, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mlichobaki nacho ni stendi, vibali vya ujenzi na matumizi ya ardhi, na hicho si kidogo. Tazameni karakana ya mabasi ya Jangwani, ambayo imefurika mara kadhaa mto Msimbazi ulipojaa. Maji hayo yanatoka huko juu, Pugu na Kisarawe, yakipita katika maeneo ya halmashauri kadhaa. Mabasi yakisimama Jangwani, abiria wa Kimara ndiye anayetembea. Kwa hiyo kamati yenu ya usafiri iwe na mtu wa mifereji na mtu wa ardhi kutoka kila halmashauri ya bonde lile, Kisarawe ikiwemo, ingawa iko Mkoa wa Pwani.