Jibu: Nina laki tano, nataka kuanza hisa ila maneno yao yananichanganya

Mkuu, umeuliza hisa, gawio na hatifungani vinatofautianaje, na kama laki tano inatosha kuanzia. Inatosha. Ila kuna neno hukuliuliza, na ndilo lililonitoa jasho mimi: ukwasi. Nitalifikia.

Hisa ni umiliki. Ukinunua hisa za CRDB au NMB pale DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), wewe ni mmoja wa wenye benki, hata kama sehemu yako haifiki bei ya kiti cha mlinzi wa getini. Unapata kwa njia mbili: bei ikipanda ukauza, au kampuni ikiwagawia wanahisa faida yake. Huko kugawiwa ndiko gawio. Tuseme una hisa 1,000 na limetangazwa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Hiyo ni 50,000. Inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, mkononi inabaki 47,500. Usilichanganye na riba. Kampuni ikipata hasara, au wakiamua faida ibaki kukuza biashara, mwaka huo hupati kitu.

Halafu angalia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lako lisipokuwemo siku hiyo, gawio hilo si lako. Usisubiri siku ya mwisho, maana hisa haiingii kwenye jina lako dakika unayolipa, inachukua siku kadhaa za kazi.

Hatifungani ni mkopo, wewe ndiye mkopeshaji. Za serikali zinazouzwa na Benki Kuu (BoT) hulipa riba mara mbili kwa mwaka na mtaji unarudi muda ukiisha, lakini zinaanzia milioni moja, kwa hiyo hizo bado kwako.

Sasa ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza ulichonacho kuwa pesa taslimu. Miaka ya nyuma nilinunua hisa za kampuni moja (sitaitaja) kwa sababu bei yake ilikuwa imetulia tuli. Nikaona huo ndio usalama. Januari ikafika, ada ya watoto wawili, nikaenda kwa dalali kuuza. Yule dada akanigeuzia kompyuta: upande wa wauzaji foleni, upande wa wanunuzi patupu. "Kaka, hii kaunta haijauza hisa hata moja tangu mwezi uliopita." Kaunta kwa lugha yao ni hisa za kampuni moja pale sokoni. Ile bei niliyokuwa naichungulia kila jioni ilikuwa ya muamala wa mwisho, wa zamani. Haikutulia, ilikuwa imelala! Niliweka oda, nikashusha bei mara mbili, ikapita wiki ya tatu ndipo akatokea mtu, na akachukua nusu tu. Ada nililipa kwa kukopa kwa shemeji, na hilo deni lina hadithi yake.

Soko letu ni dogo, mkuu. Lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL, na hadi leo zilizoorodheshwa hazifiki hamsini. Kuna kaunta zinauzwa kila siku, na kuna nyingine zinasinzia wiki nzima. Vipande vya UTT AMIS, yaani sehemu unazonunua kwenye mifuko yao ya uwekezaji wa pamoja, haviko hivyo: ukitaka kutoka unauuzia mfuko wenyewe, huhitaji kumtafuta mnunuzi.

Ukiamua hisa, nenda kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, siyo hawa wa magrupu ya WhatsApp wanaoahidi asilimia 30 kwa mwezi. Atakufungulia akaunti ya CDS, ambako hisa zako zinatunzwa kwa jina lako. Uliza na kamisheni yake, maana unakatwa ukinunua na unakatwa tena ukiuza. Ukiruka ruka kila wiki ni yeye anayekula. Na kabla hujalipa, mwombe akugeuzie na wewe hiyo kompyuta, uone upande wa wanunuzi una oda ngapi.

Hujasema hiyo laki tano utaihitaji lini. Ukijibu hilo ndipo naweza kukuambia mimi ningeiweka wapi.