Daftari la mchoraji: andika kazi iliko, si bei peke yake

Mdogo wangu, umeuliza kama mchoraji anayeuzia barazani na kwenye hoteli za ufukweni ana haja ya daftari, au hayo ni mambo ya wenye maduka makubwa. Haja ipo, tena kwako ni kubwa kuliko kwa mwenye duka. Yeye kazi zake zinaning'inia mbele ya macho yake, zako zimetawanyika.

Nachora hapa Bagamoyo tangu 2006. Miaka minane ya mwanzo sikuandika kitu, niliamini naijua kila picha iliyotoka mkononi mwangu. Mwaka 2014 nikapeleka picha sita mali kauli kwenye hoteli moja: zikiuzwa nilipwe, zisipouzwa nizichukue. Tulielewana kwa mdomo na meneja, mtu mwema kabisa. Masika yakaingia, wageni wakapungua, meneja akahamishwa. Nilipokwenda mwezi wa saba, aliyempokea aliniuliza swali moja: "Una karatasi gani inayoonyesha ni zako?" Mbili zilikuwa bado ukutani, nikaambiwa ni za hoteli. Nne hazikuwepo. Kwenye simu sikuwa na picha ya hata moja, vipimo sikuvikumbuka, na bei nilizokuwa nimemtajia yule wa kwanza zilishanichanganya. Nikatoka mikono mitupu, na kodi ya chumba nadaiwa.

Ndipo nikanunua kaunta buku. Kila picha ina mstari wake: namba, jina, vipimo, imechorwa juu ya nini (kanvasi au hadibodi), tarehe niliyoimaliza, bei, na safu ya mwisho ambayo nimeipa upana kuliko zote: IKO WAPI. Picha ikihama, nakata mahali pa zamani kwa mstari mmoja na kuandika papya. Sifuti wala sipaki wino mweupe, ili safari yake yote isomeke: nyumbani, duka la Mji Mkongwe, soko la Mwenge kule Dar es Salaam, imerudi, imeuzwa.

Namba zangu zinaanza na mwaka, kama 2015-01, 2015-02. Hapo nilikosea mara mbili, nawe usirudie. Kwanza niliiandika kwenye mbao za fremu. Mgeni anayepanda ndege huvua kanvasi akaikunja kama mkeka, fremu anaiacha chumbani, na namba inabaki nayo. Halafu nikaandika kwa maka peni katikati ya mgongo wa kanvasi, wino ukapenya mpaka mbele, kwenye anga niliyoihangaikia siku mbili. Sasa naandika kwa penseli kwenye pindo la kanvasi, pale inapopigiliwa.

Kwa mali kauli, usiache hata kazi moja bila karatasi. Nakala mbili, sahihi mbili. Iandikwe namba za picha, bei unayotaka ifike mkononi mwako, wanapoweka cha juu waweke kiasi gani, siku ya kulipana, na nani anabeba hasara picha ikilowana au ikipotea. Wengine watakwambia, "Kaka, kwani hutuamini?" Mimi hujibu kwamba karatasi ni ya siku ambayo mimi na wewe hatupo hapa. Wengi wanasaini.

Kwenye mauzo andika bei uliyolipwa kweli, si ile uliyoanzia. Ukilipwa dola, andika na kiwango cha kubadilishia siku hiyo. Upande wa pili weka matumizi: rangi, brashi, mbao za fremu, nauli ya kwenda na kurudi Makumbusho, Dar es Salaam. Mimi niliamini picha ndogo ndizo zinazonilisha kwa sababu zinatoka haraka. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika nikaona fremu yake inanigharimu karibu sawa na ya picha ya kati, na muda wa kuchora haupungui kwa kiasi kile nilichodhani. Nilikuwa nachoka bure. Nikazipunguza.

Na kodi pia. Viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019 vilimtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mauzo ya mwaka yakiwa shilingi milioni 6, asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye nazo alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Ukienda TRA, mamlaka ya mapato, uliza viwango vya sasa, lakini nenda na daftari.

Jambo la hakimiliki wengi hulipuuza. Mteja akinunua picha yako hajanunua haki ya kuichapa kwenye fulana. Sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka kusajili kazi, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo. Ila siku ya mabishano utahitaji cha kuonyesha, nacho ni mstari wa daftari na picha ya simu yenye tarehe. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora 1968, akafariki 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo watu wanabishana ipi ni ya mkono wake. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya umtumie mtu wa nyumbani. Nyumba zetu huku zina unyevu na mchwa, karatasi haidumu.

Picha za zamani zisikucheleweshe. Anza leo na zilizopo ndani. Mimi ukurasa wa kwanza wa kaunta buku langu niliuachia zile sita, nikaandika nilichokumbuka. Ukipita mahali ukaona jahazi lenye kiraka chekundu kwenye tanga, watu watatu wanavuta kamba, saini yangu kona ya chini kulia na nyuma hakuna namba, tafadhali nijulishe iko wapi.