Mayai ya kuku na virusi vya mafua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu anayesomea kazi ya maabara alipokuja likizo aliniambia kwamba virusi vya mafua hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, nami nikadhani ananitania. Kama ni kweli, ni mayai gani hayo, na je, naweza kuwauzia ya kwangu? Wanajuaje kwamba virusi vimeongezeka ilhali havionekani? Na kwa nini anasema friza ya samaki haifai kuvihifadhi?
Mfugaji, Mingoyo, Lindi

JIBU: Ndugu mfugaji, binti yako hakukutania. Bakteria wengi humea wenyewe juu ya lishe iliyomiminwa kwenye kisahani, lakini kirusi hakiwezi kuzaana mpaka kiingie ndani ya seli iliyo hai. Mwaka 1933, watafiti wa London walipokithibitisha kwa mara ya kwanza kirusi cha mafua cha binadamu, iliwabidi watumie wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, ambao huugua mafua na kupiga chafya kama sisi. Yai lilikuja baadaye likawa nafuu kubwa, kwa kuwa ni kiumbe hai kilichofungwa ndani ya ganda lake, hakihitaji kulishwa wala banda.

Yai lenyewe lazima liwe limerutubishwa na jogoo, kwa hiyo yale ya trei za dukani, yatagwayo na kuku wa kisasa wasiochanganywa na jogoo, hayafai kitu. Huwekwa kwenye mashine ya kutotoleshea kwa siku 10 au 11, kisha humulikwa gizani kama wewe unavyomulika kwa tochi ili kutenga mayai viza, na mtaalamu hutafuta mishipa ya damu iliyotanda kama mizizi na kifaranga kichanga kinachojitikisa. Kirusi hutiwa katika maji ya mfuko uitwao alantoisi, tundu likazibwa, na yai likarudishwa kwenye joto la nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, ambalo ni pungufu kidogo ya joto la kuatamia, kwa siku mbili au tatu. Ama kuhusu kuwauzia, nasikitika kwamba maabara hizi hununua mayai ya makundi maalumu ya kuku wanaofuatiliwa afya, kwa sababu mtetea aliyewahi kuugua huweza kumrithisha kifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai, na kingamwili hizo huweza kukizuia kirusi kisikue. Kuku wetu wa kuzurura uani wamekutana na mengi mno.

Swali lako la pili ndilo linalonivutia zaidi. Mwaka 1941, huko New York, mtafiti George Hirst alikuwa akivuna maji ya mayai yaliyoambukizwa, na damu ya mishipa iliyokatika ilipochanganyika na maji hayo, chembe zake nyekundu zikashikana mabonge. Sababu ni kwamba kirusi cha mafua kimezungukwa na vishikizo vingi, hivyo kirusi kimoja huweza kushika chembe mbili kwa pamoja, na virusi vingi vikizishika chembe nyingi, zinafungamana kama wavu. Tangu hapo kipimo kikawa rahisi. Maji yale huzimuliwa nusu kwa nusu katika safu ya vishimo vya sahani ya plastiki: sehemu 1 kwa 2, 1 kwa 4, 1 kwa 8, na kuendelea, kisha kila kishimo hutiwa damu kidogo iliyozimuliwa. Penye virusi vya kutosha, chembe hubaki zimetandaa kama utando mwekundu. Pasipo na virusi, huporomoka na kutulia chini kama kifungo cha shati, na sahani ikiinamishwa kifungo hicho huchuruzika mfano wa chozi. Kama utando umeonekana kwa mara ya mwisho kwenye 1 kwa 128, basi kipimo ni 128.

Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba kirusi kilichokufa nacho hushika damu. Anayetaka idadi ya vilivyo hai hutumia seli zilizotandazwa chini ya kisahani, mara nyingi zile zilizoanzia katika figo ya mbwa mwaka 1958 na zinazoendelezwa hadi leo. Zikifunikwa kwa lishe nzito kama uji ulioganda, kila kirusi hai hula seli zilizo jirani tu, likabaki tobo. Tuseme umezimua mara 100,000, ukatia mililita 0.1, ukahesabu matobo 40: mililita moja ya maji ya awali ilikuwa na virusi hai milioni 40.

Tuje kwenye friza. Friza ya samaki hukaa karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na baridi hiyo, inayopanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa au umeme unapokatika, hukidhuru kirusi hiki kilichovikwa utando wa mafuta. Sampuli itakayoshughulikiwa baada ya siku chache ni afadhali ikae kwenye jokofu la kawaida, nyuzi 4, kuliko kugandishwa kwenye friza hiyo. Ya kukaa muda mrefu huhitaji nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. (Usifananishe na ile chanjo ya mdondo ya I-2 tunayowadondoshea kuku jichoni, maana kirusi chake kilichaguliwa makusudi kwa kustahimili joto.) Maji yaliyovunwa hugawanywa katika vichupa vidogo vidogo, ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, kwa kuwa kila kuyeyusha na kugandisha upya hupunguza walio hai. Juu ya kichupa, pamoja na tarehe, huandikwa kirusi kimepitishwa kwenye mayai mara ngapi, kwani kikizoea yai hubadilika kidogo kidogo, na baada ya mizunguko mingi huenda kisifanane sawasawa na kile kilichotoka puani mwa mgonjwa.