Msitu uko wapi Montevideo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika tafsiri ya maneno yanayopita chini ya picha katika filamu ya makala kuhusu Uruguay, itakayoonyeshwa hapa Dar es Salaam. Nimeandika: "Hawa ni wafungwa wa kisiasa wa zamani wa kundi la msituni lililoshindwa." Mwenzangu amekataa. Anauliza, msitu gani, wakati watu hawa walipigana katikati ya jiji la Montevideo? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ana hoja, ingawa nawe neno hilo hukuliokota hewani.

"Guerrilla" kwa Kihispania ni vita iliyofanywa ndogo, kama vile sisi tungesema "kijivita". Neno lilienea tangu Wahispania walipopambana na majeshi ya Napoleon, kuanzia 1808 hadi 1814. Msitu haumo ndani yake. Msitu tumeuweka sisi, na tulikuwa na sababu. Miaka ya 1950 Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. FRELIMO, iliyoundwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita mwaka 1964 ikipigana porini ng'ambo ya Ruvuma. Ukisema fulani "kaingia msituni", mtu wa hapa haulizi msitu upi. Anajua kashika bunduki.

Sasa watazame hao Tupamaro, yaani kundi hilo la Uruguay unaloliandikia. Nchi yao ni ya nyanda za malisho, na karibu nusu ya wananchi wanaishi Montevideo na viunga vyake. Maficho yao yalikuwa mitaa na nyumba za watu. Mwaka 1971 zaidi ya 100 kati yao walitoroka gereza la Punta Carretas kwa njia iliyochimbwa chini ya ardhi, wakaibukia ndani ya nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mtazamaji akiona barabara ile huku maandishi yakimwambia "msituni", atadhani mfasiri hakuitazama filamu. Andika "wapiganaji wa kuvizia". Kuvizia hufanyika porini, na hufanyika uchochoroni pia. "Gerila" silikatazi, ila kwa maandishi yanayopita upesi naona "kuvizia" linaeleweka kwa wengi zaidi.

"Wa zamani" nalo liondoe. Waziri wa zamani ni sawa, kwa kuwa uwaziri ni cheo na mtu hukivua. Mfungwa wa zamani anaweza kueleweka kama mfungwa wa enzi za kale. Sema "waliowahi kufungwa".

Kuna neno ambalo hukuniuliza, nami siwezi kuliacha. Mfungwa ni aliyehukumiwa, mahabusu anangoja kesi yake, aliyewekwa kizuizini anazuiwa bila kesi. Wazee wetu wanaikumbuka sheria ya 1962 iliyoruhusu jambo hilo. Lakini viongozi tisa wa Tupamaro walikuwa zaidi ya hao. Jeshi liliwatenga, likawahamisha kambi hadi kambi, na kutangaza kwamba wenzao wakianza tena mapigano, wao watauawa. Huyo kwa Kiswahili ni mateka. Wao wenyewe walijiita hivyo kwa Kihispania. Msemaji akilitamka neno hilo kwenye filamu, tafadhali usimwandikie "mfungwa". Utakuwa umempunguzia mateso yake, na ameyabeba kwa zaidi ya miaka 10, hadi alipoachiwa 1985.

Limebaki "lililoshindwa". Kitenzi hiki kina sura mbili: "walishindwa na jeshi" maana yake walipigwa; "walishindwa kuiangusha serikali" maana yake hawakuweza. Ukiliacha peke yake, linaning'inia, na masikioni mwa wengi husikika kama watu wasioweza kitu. Hao walipigwa na jeshi mwaka 1972. Mmoja wa wale mateka tisa, José Mujica, alichaguliwa kuwa rais, akaongoza kuanzia 2010 hadi 2015. Kwa hiyo ongeza "na jeshi", herufi chache tu.

Ningeandika hivi: "Hawa waliwahi kufungwa kwa sababu za kisiasa. Walikuwa wapiganaji wa kuvizia walioshindwa na jeshi." Sentensi ya kwanza ipite peke yake, uso wa mzee ukiwa bado unaonekana, ndipo uilete ya pili.